Mshale mdogo unaojua petroli yako inakwenda wapi

NDUGU msomaji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, vijiwe vyetu vya teksi hugeuka kuwa mabunge. Mmoja anailaumu dola, wa pili anazilaumu meli, wa tatu anavilaumu vita vya nchi za mbali. Mimi sina uwezo wa kushusha bei hiyo hata kwa shilingi moja, na sidhani kama wewe unao. Lakini lipo jambo ambalo halitangazwi na ofisi yoyote, nalo limo mikononi mwetu, au niseme limo miguuni mwetu. Jambo hilo ni kiasi cha petroli ambacho gari linakunywa kutoka hapa hadi pale. Ndilo nililolizungumzia redioni wiki hii, na kama ilivyo kawaida yetu, nimeliandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kusikiliza, na kwa wale waliosikia wakaomba wapate karatasi ya kumpelekea fundi.

Leo nazungumza hasa na wenye magari ya zamani yenye kabureta. Nina maana ya Peugeot 504, Datsun 1200, Toyota Corolla za miaka ya 1970 na 1980, Land Rover za petroli na ndugu zao. Magari ya kisasa yana kompyuta inayomwandikia dereva pale mbele yake kwamba sasa unakula lita kadhaa kwa kilomita kadhaa. Magari yetu haya yana geji ya tanki tu, na geji ya tanki hukuambia petroli imekwisha. Haikuambii imekwishaje.

Kwa sababu hiyo ya kutokujua, wenye magari ya zamani wamekuwa shamba la wafanyabiashara wa maajabu. Kuna wanaouza sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta. Kuna wanaouza vidonge vya kutia tankini. Huko Marekani, shirika la serikali la mazingira, EPA, limevipima vifaa vya namna hii zaidi ya 100 tangu miaka ya 1970. Vingi havikuonekana kuwa na faida yoyote, na vichache vilivyoleta nafuu, nafuu yenyewe ilikuwa ndogo mno.

Basi niseme mapema, ili nisije nikahesabiwa miongoni mwa wauza vidonge: kifaa ninachokieleza leo hakipunguzi hata tone moja la petroli. Kazi yake ni kuonyesha tu. Kupunguza ni kazi ya mguu wako na ya fundi wako.

Kifaa chenyewe mafundi wetu wanakiita geji ya vakyumu. Vakyumu, kwa Kiswahili sanifu, ni ombwe, yaani mahali palipopungukiwa hewa. Kama neno ni gumu, jambo lenyewe si gumu. Chukua dafu lililotobolewa, tia mrija, unyonye. Maji yanakuja bila taabu. Sasa ziba ncha ya mrija kwa kidole, unyonye tena. Mashavu yanaingia ndani, mrija unabonyea, na hakuna kinachokuja. Ule mvuto unaousikia mdomoni ndio vakyumu.

Injini ya petroli ni mnyonyaji wa namna hiyo hiyo. Kila pistoni inaposhuka huvuta hewa kupitia kabureta. Kwenye koo la kabureta kuna kibati cha mviringo kinachofunguka na kufunga kama mlango, na mlango huo umeunganishwa na pedali ya mafuta. Ukiondoa mguu, mlango unakaribia kufunga, pistoni zinavuta na hewa haipatikani kwa wingi, na hapo mvuto mkubwa unajengeka ndani ya manifoldi, lile bomba linalogawa hewa na petroli kwa kila silinda. Ukikanyaga hadi chini, mlango unafunguka wote, hewa inaingia kwa kishindo ikibeba petroli nyingi, na ule mvuto unatoweka. Geji huunganishwa kwa mpira mwembamba hapo kwenye manifoldi. Mshale ukiwa juu, ujue mlango umebanwa. Mshale ukianguka, ujue mlango uko wazi na tanki linamiminwa.

Uso wa geji huandikwa inchi za zebaki, na hapa wengi huuliza zebaki imeingiaje kwenye gari. Mwaka 1643 Mtaliano Evangelista Torricelli alijaza zebaki katika bomba la kioo, akaligeuza ndani ya bakuli, na akaona zebaki inasimama kiasi cha sentimita 76, yaani inchi 30 hivi, kwa kushikiliwa na uzito wa hewa inayotuzunguka. Tangu hapo nguvu ya hewa imekuwa ikipimwa kwa urefu wa zebaki. Geji ya leo haina zebaki ndani. Ina kibomba cha shaba kilichopindwa, ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849, ambacho hujikunja hewa inapovutwa na kuusukuma mshale. Kama geji yako imetoka Japani na imeandikwa sentimita, usibabaike: inchi 20 ni sawa na sentimita 51 hivi.

Wala si kifaa kipya. Mafuta yalipopanda bei ghafla baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, watengenezaji wa magari waliitoa geji hii gereji na kuipachika mbele ya dereva. Chevrolet ya Marekani iliuza magari yenye geji ya namna hiyo katikati ya miaka ya 1970, na Volkswagen ya Ujerumani ilitoa magari yake ya Formel E mwaka 1981 yakiwa na kipimo cha matumizi ya mafuta pamoja na taa ya kumkumbusha dereva kupandisha gia. Sisi huku miaka hiyo ya shida tulikuwa na dawa nyingine: wazee watakumbuka marufuku ya magari binafsi kutembea Jumapili mchana. Marufuku ilipunguza safari. Geji inapunguza ubadhirifu ndani ya safari ile ile.

Sasa tuje kwenye matumizi. Geji hii ina kazi mbili, na kazi ya kwanza ni ya udaktari. Kabla hujaanza kuusahihisha mguu wako, hakikisha injini yenyewe si mgonjwa, maana dereva mpole kwenye injini mbovu ni sawa na mtu anayechota maji kwa tenga.

Washa injini, iache ipate moto wa kawaida, kisha iache izunguke taratibu bila kukanyaga mafuta. Injini nzima, hapa pwani, itaonyesha kati ya inchi 17 na 21, na mshale utatulia. Nasisitiza maneno "hapa pwani". Ukipanda mlimani hewa inakuwa nyepesi, na kipimo kinashuka kiasi cha inchi moja kwa kila mita 300. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi. Kwa hiyo injini inayosoma 19 Dar es Salaam itasoma 14 au 15 Arusha, na bado ni nzima kabisa. Mwenzetu wa Nairobi, aliye juu zaidi, atasoma pungufu ya hapo. Fundi wa bara anayefuata kitabu kilichoandikwa Ulaya bila kulijua hili anaweza kuihukumu kifo injini isiyo na hatia.

Mshale ukitulia lakini uko chini kidogo, tuseme 15 hapa pwani, mara nyingi taimingi imechelewa: cheche inakuja wakati pistoni imekwisha kupita. Fundi hulegeza distributa, huizungusha polepole hadi mshale upande mwisho wa uwezo wake, kisha huirudisha nyuma kidogo, mshale ushuke kama nusu inchi au inchi moja. Akiiacha pale pale juu, injini itagonga ukipanda mlima, na kugonga huko hula pistoni.

Mshale ukiwa chini sana, 12 au pungufu, kuna mahali injini inavuta hewa ya wizi: gasketi ya manifoldi imeungua au hosi imepasuka. Mshale ukiruka kushuka na kurudi kwa mpigo ule ule kila mara, kuna valvu haifungi sawasawa. Mshale ukiyumbayumba polepole kama mtu anayesinzia, tazama kabureta na nafasi za plagi. Ukiongeza mwendo wa injini na kuushikilia hapo, mshale ukapanda kisha ukaanza kuteremka polepole, ekzosi imeziba. Na ukitaka kuzijua ringi za pistoni, kanyaga ghafla na uachie: kwa injini nzima mshale utaanguka karibu na sifuri, utaruka hadi 23 au 25, kisha utarudi mahali pake. Kwa injini iliyochoka, hauruki hivyo.

Haya si mambo ya darasani tu. Nilipokuwa nikiyaandaa mazungumzo haya nilishinda nusu siku katika gereji moja ya chini ya mwembe. Akaja dereva wa teksi na Corolla ya zamani. Alisema petroli iliyokuwa ikimtosha hadi jioni sasa haivuki saa nane mchana, na hesabu ya tajiri haisubiri. Kwingineko alikuwa amekwisha kuambiwa ringi zimekufa, injini ifunguliwe, na alikuwa ameanza kutafuta mkopo. Fundi mzee akamsikiliza, akafunga geji. Mshale ukasimama kwenye 12, umetulia.

"Breki zako zikoje siku hizi?" akamwuliza.

"Nzito, mzee. Nakanyaga kama nakanyaga jiwe."

Mzee akachukua koleo, akazungushia kitambaa, akawa anabana hosi moja moja inayotoka kwenye manifoldi. Alipoibana ile nene inayokwenda kwenye busta ya breki, mshale ukapanda hadi 18 na mngurumo ukabadilika pale pale. "Mwanangu," akasema, "injini yako haijachoka. Inavuta hewa mahali." Hosi ilikuwa imepasuka upande wa chini usioonekana. Yule fundi wa kwanza, ili injini isizimike, alikuwa ameifungulia skrubu ya mchanganyiko, petroli ikawa inamwagika kupita kiasi. Hosi mpya na marekebisho ya kabureta havikufikia hesabu ya siku moja.

Ndugu msomaji, tafakari hapo. Mtu yule alikuwa anakaribia kukopa fedha za kufungua injini nzima, na huku anawabeba abiria kwenye gari lenye breki nusu. Kipimo kisingekuwapo, angelipa kwa mambo yote mawili.

Kazi ya pili ya geji ni kuusahihisha mguu, na hapa ndipo inapofaa kufungwa mbele ya dereva. Unapoondoka, kanyaga kwa upole, na hapa pwani jitahidi mshale usishuke chini ya 10. Kuna sababu mbili. Ya kwanza, kabureta ina kipampu kidogo kinachorusha petroli ya ziada kila unapokanyaga kwa ghafla. Dereva mwenye mguu wa kurukaruka katika foleni anakipiga kipampu hicho mamia ya mara kwa siku. Ya pili, kabureta nyingi zina valvu ya nguvu ambayo hufunguka mvuto ukishuka hadi kiasi cha inchi 6 au 7, na kuongeza petroli ili injini ipate nguvu za kupandia mlima au kulipita lori. Ukiihitaji, itumie. Lakini wengi wetu tunaifungua tukitoka taa nyekundu moja kuwahi taa nyekundu nyingine.

Barabara ikiwa tambarare, tafuta mwendo ambao mshale unakaa juu bila kuyumba, kisha uache mguu utulie hapo. Utashangaa kuona kwamba kutoka mwendo wa 80 kwenda 100 mshale unashuka sana, na muda unaoupata ni mchache. Ukiona foleni mbele, ondoa mguu mapema, mshale upande, gari lijiendee. Kila unapokanyaga breki kwa nguvu, unaitupa petroli uliyokwisha kuilipia.

Hata hivyo geji hii ina upofu mmoja, na wanaoisifu mno huwa hawausemi. Haijui uko gia gani. Ukienda mwendo wa 40 kwa gia ya pili, mshale utakaa juu na utadhani umebana matumizi. Ukitia gia ya tatu kwa mwendo ule ule, mshale utashuka, nawe utadhani umeharibu. Ukweli ni kinyume chake. Katika gia ya pili injini inazunguka mara nyingi zaidi, na kila mzunguko pistoni zinapoteza nguvu kuvuta dhidi ya mlango uliobanwa, kama wewe na mrija wako ulioziba. Katika gia ya tatu mizunguko imepungua na mlango umefunguka kidogo, na petroli inayokwenda ni ndogo zaidi. Kwa hiyo kanuni ni hii: panda gia mapema, mradi injini haigongi wala haitetemeki, na ukishafika kwenye gia ya juu inayofaa, ndipo umsikilize mshale. Linganisha mshale na mshale wa gia ile ile.

Kuna jambo la hatari ambalo siwezi kuliacha. Wapo madereva ambao, ili kubana petroli, wakifika kwenye mteremko kama wa Kitonga au Sekenke hutoa gia, na wengine huzima injini kabisa. Nawasihi waache. Busta ya breki, ile iliyopasukiwa hosi katika habari yetu, inafanya kazi kwa mvuto huu huu wa manifoldi. Ukizima injini, akiba iliyomo inatosha kukanyaga mara moja, mbili, pengine tatu. Baada ya hapo pedali inakuwa jiwe, na mteremko bado upo. Ukichomoa ufunguo, usukani nao unaweza kujifunga. Badala yake teremka ukiwa kwenye gia, mguu umeuondoa kwenye mafuta. Tazama geji: mshale utapita 20. Maana yake mlango umefungwa, injini inalishika gari, na petroli inayopita ni ile ndogo ya kuzungusha injini tu. Akiba ya kutoa gia ni ndogo sana ukiilinganisha na unachokihatarisha.

Wengi wameniuliza: nitaokoa kiasi gani? Sitakutajia asilimia. Anayekutajia asilimia kabla ya kuliona gari lako na mguu wako, huyo anakuuzia kitu. Pima mwenyewe. Jaza tanki, andika kilomita. Tembea siku zako za kawaida, kisha jaza tena kwenye pampu ile ile. Gawanya kilomita kwa lita. Kama umetembea kilomita 360 na tanki likapokea lita 40, unapata kilomita 9 kwa lita. Fanya hivyo kwa matangi matatu kabla ya kufunga geji, na matatu baada ya kuizoea. Kama kipimo cha kilomita kimekufa, kama kilivyokufa kwenye magari yetu mengi, tumia safari za barabara kuu zenye nguzo za kilomita.

Kwa atakayefunga, ayashike haya. Mpira uunganishwe kwenye manifoldi chini ya kabureta, si kwenye kitundu kilicho juu ya ule mlango, maana hapo mshale utakudanganya injini ikiwa haijakanyagwa. Hosi ya busta ya breki usiikate wala usiitoboe. Mpira upite mbali na ekzosi, na kila kiungo kikazwe, kwa sababu kiungo kilicholegea ni tundu jipya la hewa ya wizi. Wenye dizeli wasijisumbue: dizeli za zamani kwa kawaida hazina mlango ule kooni, hivyo hakuna mvuto wa kupima. Na asiyekuwa na uwezo wa kununua geji yake si lazima ainunue. Atafute gereji yenye nayo, alipie kipimo, asimame pale pale autazame mshale kwa macho yake kabla hajakubali injini yake ifunguliwe.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Wangekuwa na magari ya kabureta, wangeongeza kwamba haba na haba hulimaliza tanki pia. Bei ya petroli tutaendelea kutangaziwa. Lakini mguu ni wetu, na ukionyeshwa kwa mshale unachofanya, ni vigumu kuendelea kukifanya.

Hadi wiki ijayo, nakutakia safari njema.